SEHEMU YA 7: DITEKTA IKIRUDI NYUMBANI NA TOPE LAKE

Leo naongea na nyie ambao waume au kaka zenu wakishavuna mpunga wanaondoka hapa Madibira kwenda Chunya kutafuta dhahabu kwa ditekta.

Ukiishika hiyo mashine utaona sahani ya duara chini, ndani yake kuna waya uliozungushwa. Kuna fimbo, na juu kuna boksi la betri. Kwa ditekta nyingi sahani inavumilia maji, boksi halivumilii. Ndiyo maana kwenye kijito wanaishia maji ya magoti. Sahani nyingine inataka kuelea, na mtu akiikandamiza kwa nguvu, masikio ya plastiki yanayoishika kwenye fimbo yanavunjika. Waya wa nje unazungushiwa fimbo usinase kwenye mizizi. Jioni wanavua mfuniko wa sahani na kutoa mchanga mweusi, maana una chuma na unaifanya mashine ilie bure. Fimbo nayo inasuuzwa na kukaushwa, la sivyo mchanga unakwama kwenye maungio.

Vijana wanayajua haya yote, mashine wanaitunza kama yai. Lakini jamani, sahani imetengenezwa kuingia majini. Mguu haujatengenezwa hivyo.

Kwenye maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, penye konokono, kunaweza kuwa na vijidudu vya kichocho. Havionekani kwa macho. Vinapenya ngozi nzima, hata isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Dalili zinaweza kuja baada ya wiki au miezi, mtu ameshasahau kijito chenyewe.

Kuna dada alikuja na mtoto mgongoni, analia. Mume karudi machimbo, anakojoa damu mwishoni mwa mkojo, na ukweni wameshasema ni ugonjwa wa zinaa. Alikuwa ameshafunga nguo zake arudi kwao. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kwanza alete mkojo." Maabara wakaona mayai ya kichocho. Akapewa praziquantel kwa uzito wake.

Damu kwenye mkojo ina sababu nyingi, kwa hiyo tunapima kwanza, kugombana baadaye. Na sisi wanawake kichocho kinaweza kukaa kwenye njia ya uzazi: uchafu, maumivu, damu baada ya tendo. Ukitibiwa zinaa na hali hairudi sawa, mwambie mhudumu kama huwa unaingia mfereji au majaruba.

Sasa tufanye hivi:

1. Anayeingia majini avae buti ndefu, na maji yasizidi buti.

2. Ditekta isuuzwe nyumbani kwa maji ya bomba au kisima. Kama ni ya mfereji, yakae kwanza kwenye ndoo safi yenye mfuniko siku 2. Boksi lifutwe kwa kitambaa tu.

3. Usimtume mtoto kwenda kuiosha mferejini. Mfereji wetu nao una konokono, na yeye atakaa humo anacheza saa nzima.

4. Mtoto wa kiume akikojoa damu, asiambiwe anakua. Mlete.

5. Mjamzito naye aje, asijinunulie dawa dukani. Tutamwangalia mimba ina miezi mingapi.

Msomee na baba watoto kabla hajafunga mzigo. Sehemu ya 8 tutaongelea zebaki, kwa nini isichomewe jikoni.