Miguu ya Mkimbiaji

Karatu tuna macho ya kuangalia miguu. Hapa ndiko kwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, na mtoto mwenye miguu iliyokakamaa na mishipa iliyotokeza huambiwa aende mbio. Shangazi yangu, mkulima wa mahindi na mbaazi hapa Rhotia, aliambiwa hivyo tangu usichana wake. Hakuwahi kukimbia. Alipokaribia miaka 40 aligundulika ana kisukari, na dozi yake ya insulini inazidi kupanda. "Kisukari si cha wanene?" majirani huuliza.

Katika shahada yangu ya uzamili nasoma lipodistrofia, magonjwa yanayoufanya mwili ukose mafuta yake. Aina mojawapo hutokana na kasoro katika jeni iitwayo LMNA. Mtoto huzaliwa wa kawaida. Kuanzia balehe mafuta ya mikono, mapaja na makalio hupungua, huku uso na shingo vikijaa. Kasoro kutoka kwa mzazi mmoja inatosha, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Mkulima ataelewa upesi. Ukivuna mahindi na kihenge huna, magunia utayalundika sebuleni, chumbani, hadi mlangoni. Mafuta nayo yakikosa ghala chini ya ngozi huenda kwenye ini na ndani ya misuli. Humo huvuruga ujumbe wa insulini, ule unaoufungulia sukari mlango. Misuli ni mlaji mkubwa wa sukari baada ya mlo; ikigoma, sukari hubaki kwenye damu, na kongosho humwaga insulini zaidi mpaka kuchoka.

Ajabu ni kwamba mkimbiaji wa mbio ndefu pia huwa na mafuta mengi ndani ya misuli, ila yeye huyachoma kila siku. Gunia lililoingia jana leo limeshasagwa. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Priscilla Lopes-Schliep wa Kanada alipata medali ya shaba ya kuruka viunzi Beijing mwaka 2008 bila kujua kwamba ana ugonjwa huu. Aliyeshuku, kwa kutazama picha zake, ni Jill Viles wa Marekani, mwenye kasoro katika jeni hiyohiyo.

Jeni ya shangazi haijapimwa. Lakini binti yake yuko kidato cha pili, na mwalimu wa michezo amemchagua kwa ajili ya miguu yake. Nilipotaja nusu kwa nusu, shangazi aliendelea kupepeta mbaazi.

"Wampime iwe nini? Waanze kumwita mgonjwa?"

"Mbio asiache, shangazi. Zinamsaidia. Tunataka kujua sukari yake na mafuta ya kwenye damu mapema, kabla kongosho na moyo havijaumia. Na chakula cha mafuta mengi apunguze."

Akaweka ungo chini, akanitazama kuanzia magotini kushuka.

"Baba yako na mimi tumbo moja. Wewe umepima?"

Sikuwa nimepima. Jumatatu alfajiri tunapanda Noah kwenda Karatu mjini, watatu, bila kunywa chai.