Thamani ya Mwanasesere

Kila mstaafu hujitafutia shughuli ya kumfanya aamke asubuhi. Wako wanaofuga kuku, wako wanaoshindania uongozi wa misikiti na makanisa, na wako wanaokaa barazani kuhesabu magari yapitayo. Shughuli yangu mimi ni kukusanya wanasesere. Najua msomaji atatabasamu. Mzee wa miaka zaidi ya 70, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka 22, ana haja gani na vitu vya kuchezea watoto wa kike? Nakuomba unistahimili kidogo, ndugu msomaji, kwa maana jambo hili si dogo kama linavyoonekana.

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa malezi hakuchoka kutukumbusha kwamba mchezo ndiyo kazi ya mtoto. Nilipoanza kufundisha nikaona kwa macho yangu. Katika maonyesho ya kazi za mikono wasichana walileta watoto wa bandia waliowatengeneza wenyewe, na baada ya maonyesho wengine waliachwa mezani, hawana mwenyewe. Nikawa nawachukua. Leo wako 43 katika kabati langu la vioo: wa magunzi ya mahindi, wa matambara yaliyojazwa sufi, wa udongo, na mmoja wa nyuzi za katani. Kila mmoja ana kikaratasi chenye mwaka na darasa. Nikiwatazama nasoma watoto wale walivyoiona dunia. Karibu wote ni watoto wachanga, na karibu wote wana alama ya kitambaa walichofungiwa mgongoni.

Mwaka jana kabati hilo lilipata mgeni. Binti yangu anayeishi Marekani alikuja likizo, akaniletea mwanasesere wa mitindo, yaani wale wanaotengenezwa kwa ajili ya kuvalishwa nguo. Ni Barbie, lakini si yule mwembamba mwenye nywele za rangi ya dhahabu ambaye wengi tunamjua kwa picha. Huyu ni mweusi wa rangi ya kahawa, nywele zake ni za kipilipili zilizochanuliwa zikasimama kama taji, nyonga zake ni pana, na nyayo zake zimekanyaga bapa. Binti yangu akaniambia, "Baba, wewe ndiye mwenye wanasesere. Mtazame, kisha uniambie umemwonaje." Nami nimemtazama kwa miezi kadhaa, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, huwezi kumwelewa mgeni huyu bila kujua ukoo wake. Mama mmoja wa Kimarekani, Ruth Handler, alimwona binti yake Barbara akicheza na wanasesere wa karatasi na kuwapa mambo ya watu wazima. Wakati huo wanasesere wengi waliouzwa madukani walikuwa watoto wachanga. Katika safari ya Ulaya mwaka 1956 alimwona Lilli, mwanasesere wa Kijerumani mwenye umbo la mwanamke, aliyekuwa akiuzwa tangu 1955. Alirudi na wazo, na tarehe 9 Machi 1959 Barbie akaonyeshwa New York katika maonyesho ya vitu vya kuchezea. Alikuwa na urefu wa sentimita 29 hivi, amevaa vazi la kuogelea la milia myeusi na myeupe, na macho yake yalitazama pembeni. Hayakumtazama mtu usoni hadi mwaka 1971.

Hapo ndipo jambo kubwa lilipogeuka. Msichana mwenye mtoto wa gunzi ni mama. Yeye ndiye mkubwa, na gunzi ndilo linalomtegemea. Msichana mwenye mwanasesere wa mitindo ni mdogo anayemtazama mkubwa. Wa kwanza analea, wa pili anaigiza atakavyokuwa. Sisemi kwamba moja ni jema na la pili ni baya. Nasema tu kwamba ukimpa mtoto mtu mzima wa kumtazama, yakupasa ujiulize ni mtu mzima gani huyo.

Wamarekani weusi walijiuliza swali hilo kabla Barbie hajazaliwa. Katika miaka ya 1940 Kenneth Clark na mkewe Mamie, wataalamu wa saikolojia, walichukua wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 yupi mzuri, yupi mbaya, na yupi anafanana nao. Wengi walisema mzuri ni yule mweupe. Utafiti wa Clark ulitajwa katika hukumu ya mwaka 1954 iliyokataza ubaguzi wa rangi katika shule za umma za nchi ile. Sisi walimu tunajua kwamba watoto wale hawakufundishwa jawabu hilo kwa chaki. Walilisoma wenyewe, dukani na barabarani.

Hata baada ya hapo, mambo yalikwenda polepole. Mwaka 1968 alikuja Christie, mweusi, lakini akiwa rafiki tu wa Barbie. Ilipita miaka 21 tangu yule wa kwanza hadi mwaka 1980, ndipo mweusi akaruhusiwa kuitwa Barbie mwenyewe. Mbunifu wake alikuwa mwanamke mweusi, Kitty Black Perkins. Na mwaka 1991 akaja mmoja aliyenishtua niliposikia habari zake, kwa kuwa jina lake ni la lugha yetu: Shani. Rafiki yake mmoja aliitwa Asha. Jina hilo lilinifurahisha na kunichoma kwa pamoja. Lilinifurahisha kwa sababu watu waliotenganishwa nasi na bahari walikuja kuchota kisimani kwetu. Lilinichoma kwa sababu shani, kama tujuavyo, ni jambo la ajabu lisiloonekana kila siku. Je, msichana mweusi mzuri ni jambo la ajabu? Kwetu yuko kila nyumba!

Basi mgeni wangu ni mjukuu katika ukoo huo. Mwaka 2016 ndipo waliotengeneza walipomwongezea Barbie maumbo matatu mapya, refu, fupi na nene, pamoja na rangi saba za ngozi. Kwa nyonga zake na nyayo zake mgeni huyu amefaidi mabadiliko hayo. Ninamsifu kwa hilo. Yule wa zamani alikanyaga kwa ncha za vidole maisha yake yote, akingojea viatu vya mchuchumio. Huyu anaweza kuvaa ndala. Zaidi ya hayo, nywele zake hazimwombi mtu radhi.

Lakini mkusanyaji hana budi kutaja na kasoro. Magoti yake hayakunji, kwa hiyo hawezi kukaa mkekani kama mtu, hukaa kwa kunyoosha miguu mbele kama anayepepeta mchele. Licha ya nyayo bapa, hawezi kusimama peke yake bila kuegemezwa. Nywele zake ni za plastiki, hazinywi mafuta. Na uso wake unatabasamu daima. Watoto wangu wa udongo wana nyuso zinazobadilika kwa kadiri ya mwanga wa siku, ila yeye furaha yake imepigwa chapa.

Lililonifikirisha zaidi ni boksi lake. Binti yangu alinionya nisilifungue. Huko ughaibuni, alisema, wako wakusanyaji ambao hununua mwanasesere na kumwacha ndani ya boksi miaka na miaka, amefungwa kwa nyuzi za plastiki nyuma ya dirisha, kwa kuwa akitolewa tu bei yake hushuka. Aliyeguswa si mali tena.

Onyo hilo lilinikumbusha mwana hiti wa ukoo wetu. Sisi Wazaramo, kama jirani zetu Waluguru na Wakwere, tuna mwanasesere wa mti ambaye hupewa mwali akiwa ndani. Mambo ya ndani ni ya wanawake nami sina ruhusa ya kuyasimulia. Nasema tu yanayojulikana nje ya mlango. Mwana hiti huenea kiganjani. Hana mikono wala miguu, ana kiwiliwili kama mchi, na kichwani ana vishungi viwili vya nywele. Mwali humwogesha, humpaka mafuta na kumtunza kama mtoto, kisha humwacha kwa ajili ya mwali atakayefuata. Yule wa ukoo wetu yuko kwa dada yangu mkubwa, hayumo katika kabati langu wala hataingia. Amepita mikono mingi hata anang'aa kama kitu kilichopigwa vanishi.

Wengi wa namna yake wako leo katika makumbusho ya Ulaya. Zamani mnunuzi wa vinyago alifika nyumbani akamwona, akataja fedha ambazo mwalimu wa wakati ule hakuzipata kwa mwaka. Nilimwuliza kwa nini asinunue mpya kwa wachongaji, akanijibu kuwa mpya hana bei. Anachotaka yeye ni ule mng'ao wa mikono. Dada yangu alimjibu kwa swali moja: "Nikikuuzia, mwali ajaye atalea nini?" Mtu yule akaenda zake.

Tazama basi, ndugu msomaji, mizani hizi mbili zilivyopishana. Mwanasesere wa plastiki hupata thamani kwa kutoguswa, na wa mti hupata thamani kwa kuguswa. Mmoja huhesabiwa mali kwa sababu hakuna mtoto aliyempenda, mwingine kwa sababu watoto wa vizazi kadhaa wamempenda.

Nililifungua boksi. Mjukuu wangu wa darasa la pili alikuwa amelizunguka siku tatu, akiuliza, "Babu, huyu amefanya nini hata amefungwa?" Nilimkata nyuzi, nikampa. Kwanza alijaribu kumfunga mgongoni, lakini miguu ile isiyokunja ilichomoza nje pande zote mbili. Akamshusha, akamtazama kwa muda, kisha akaenda kwenye kabati akachagua watoto wanne wa magunzi, akawapanga mbele yake. "Huyu hawezi kuwa mtoto, babu," akaniambia. "Ni mkubwa. Huyu ni shangazi yao, amekuja kutoka safari." Jioni alikuwa amekwisha kumfunga kipande cha kanga.

Wataalamu wa viwanda walihitaji miaka mingi kumpa mwanasesere rangi na nyonga, na wamefanya vema. Ukoo hawakuweza kumpa. Hilo lilimhitaji mtoto mwenye mikono. Bei yake imeshuka, naambiwa, na kiatu kimoja kimekwisha kupotea uwanjani. Nami simsikitikii. Ewe mzazi unayerudi safari na zawadi ndani ya dirisha la plastiki, mfungulie mtoto, umwache aishike mpaka ichakae. Mtoto hukua haraka kuliko bei.