Jumamosi Moja Kati ya Kitengela na Magadi

Wengi wetu magadi tumeyajulia jikoni, kibonge kidogo kitiwacho chunguni ili maharage yaive upesi. Mimi niliujua mji wenye jina hilo baada ya mume wangu kupata kazi huko. Tulihama Mombasa tukapanga nyumba Kitengela, karibu na shule za watoto. Siku za kazi baba hukaa Magadi, nami hubaki na watoto watatu, kila mmoja na mchezo wake. Kifungua mimba hucheza kandanda, binti wa kati hukimbia, na kitinda mimba anajifunza kuogelea.

Mwishoni mwa juma moja michezo yote mitatu iliangukia Jumamosi. Kandanda ilikuwa Kitengela asubuhi. Mbio na somo la kuogelea vilikuwa Magadi. Baba alikuja Ijumaa akawachukua wadogo wawili. Kabla hawajaondoka nilimuahidi binti yangu kwamba saa kumi alasiri, mbio zitakapoanza, nitakuwa nimesimama penye mstari wa mwisho.

Fainali ya kandanda ilikwisha sare, ikaamuliwa kwa mikwaju ya penalti. Mwanangu ndiye aliyekuwa mlinda lango. Ningewezaje kumwita atoke? Tulisali adhuhuri, tukaondoka saa nane kasoro robo.

Kutoka Kitengela hadi Magadi ni zaidi ya kilomita 100. Tulipita Isinya, tukakata kuelekea Kiserian, kisha tukaanza kuteremka Bonde la Ufa nyuma ya milima ya Ngong. Kila kona joto huongezeka na miti hupungua, mpaka hubaki migunga, mbuzi na wachungaji wa Kimaasai. Tulipita Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe ya kale katika miaka ya 1940. Siku nyingine tungesimama. Siku hiyo nilitazama saa tu, huku mwanangu amelala na medali yake shingoni. Nilijaribu kupiga simu, mtandao haukuwapo.

Kisha ziwa likatokea, jeupe na lenye wekundu wa mbali, kama sahani ya chumvi iliyoanikwa juani. Chemchemi za maji moto hulilisha madini, jua hukausha maji, na magadi huganda juu. Kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, ikajengewa reli ya tawi kutoka Konza. Magadi hayo hutengenezewa vioo na sabuni, na mengi husafirishwa kupitia bandari yetu ya Mombasa. Barabara ya kuingia mjini imepita juu ya tuta lililokata ziwa. Tulilivuka saa kumi na dakika arubaini.

Mbio zilikuwa zimekwisha. Binti yangu alikaa chini ya mgunga, viatu amevua.

“Shikamoo, Mama. Nimekuwa wa nne. Baba amenipiga picha.”

Niliitazama picha. Wenzake wote walitazama mstari wa mwisho. Yeye alikuwa amegeuza uso upande wa tuta, kutazama barabara.

Usiku nilimwomba radhi. Sikumtajia penalti wala safari, kwa maana ahadi ilikuwa yangu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Kesho alfajiri utaamka, Mama?”

Baada ya sala tulitoka sisi wawili. Hewa ilikuwa bado ya upole, na ndege aina ya heroe walisimama kwenye maji ya kina kifupi. Alikimbia mbio zile zile, peke yake, bila saa wala mshindani, nami nikasimama penye mstari. Safari hii alinitazama mimi. Tuliporudi, kitinda mimba alikuwa mlangoni na taulo, akidai zamu yake. Nikaenda bwawani kumwona mtoto wa Mombasa akijifunza kuelea kando ya ziwa ambalo maji yake makali hayafai kuogelewa.

Wazazi wenzangu, tumeamrishwa kufanya uadilifu baina ya watoto wetu, nami nilidhani uadilifu huo ni kugawa saa sawasawa. Siku hizi, kila Alhamisi baada ya isha, tunakaa na kuandika ratiba ya mwisho wa juma, madrasa ikiwa ya kwanza. Kila mtoto hutaja jambo moja analotaka mama awepo, nami huahidi lile tu ninaloliweza.

Juma lililofuata nilidhani binti yangu angechagua mashindano ya shule. Alichagua mazoezi ya Jumapili asubuhi. Alisema siku hiyo hapatakuwa na watu wengi, na nitamwona vizuri.