Gitaa la Pili



Wapendwa wasomaji, juma hili naomba mnivumilie nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina harufu ya ubani. Kwaya ya vijana ya parokia yetu ilikamilisha fedha za kununua gitaa la pili la umeme, nao wakaniomba niwasaidie kulichagua. Nilidhani ni kazi ya alasiri moja. Imenichukua majuma kadhaa, na imenifundisha mengi kuliko nilivyotarajia.

Gitaa la kwanza ni langu. Ni Fender Stratocaster, niliyozawadiwa na marafiki nilipopata daraja takatifu ya Upadre, na kwa miaka sasa limekuwa likitumika katika Misa ya pili kila Dominika. Nalipenda, wala sioni haya kulisema hilo. Sauti yake ni angavu. Nyuzi zake nyembamba zikiguswa, hulia kama kengele ndogo, na kila noti hujitenga na mwenzake. Anayelipiga ni kijana mmoja, fundi seremala, aliyekulia katika nyumba iliyosikiliza santuri za Mbaraka Mwinshehe na Franco. Pembeni yake huketi binti wa kidato cha pili ambaye kwa muda mrefu amejifunza kwa macho tu, kwa kuwa gitaa ni moja na Dominika ni moja.

Wazo la kwanza la wanakwaya lilikuwa kununua jingine lile lile. Kama hili ni zuri, walisema, mawili yatakuwa mazuri maradufu. Ni wazo la upendo, lakini wahenga walikwisha kutuonya kuwa mafahari wawili hawakai zizi moja. Magitaa mawili yenye sauti moja, yakipigwa mahali pamoja kwenye shingo, hugombania sikio la msikilizaji, na anayeumia ni mwimbaji, kwa maana maneno ya zaburi humezwa katikati. Wakubwa wa muziki wa dansi walilijua hilo. Katika bendi ya OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956 katika mji unaoitwa leo Kinshasa, gitaa la solo halikupewa ndugu wa kushindana naye. Lilipewa gitaa la rizimu la kulibeba, na kati ya hayo mawili likaja kusimama lile waliloliita mi-solo. Kila moja lilikuwa na chumba chake ndani ya nyumba moja.

Hivyo nikawaomba vijana tubadili swali. Tusiulize ni gitaa gani zuri. Tuulize hili tulilo nalo limepungukiwa nini. Kukiri upungufu wa kitu ukipendacho ni zoezi gumu, lakini tulipolifanya kwa unyofu tulipata mambo matatu.

La kwanza ni mvumo. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, huzaa umeme mdogo ndani ya waya ule, nao ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Katika gitaa langu kila sumaku ina koili yake moja, na koili ya namna hiyo hunasa pia kisichotakiwa. Umeme wa majumbani hapa kwetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wake huingia kutoka kwenye taa na nyaya za ukutani. Wakati wa Mageuzo, kanisa likiwa kimya kabisa, spika husikika ikinguruma kama nyuki mzingani.

Dawa yake iligunduliwa zamani. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, aliunganisha koili mbili zilizo kinyume, kila moja na sumaku iliyogeuziwa upande wake. Mvumo wa nje unapozifikia, huingia katika koili moja ukisukuma na katika nyingine ukivuta, nao unajifuta wenyewe. Lakini sauti ya uzi huingia katika zote mbili kwa mwelekeo mmoja, ikajumlishwa. Nimeona ndoa zinazofanana na chombo hicho: watu wawili wa tabia zilizo kinyume kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo kelele za dunia hufia mlangoni mwao, huku neno la kweli likitoka na nguvu ya wawili.

La pili ni unene wa sauti. Koili mbili hutoa sauti nzito na ya joto, inayofaa kutandikwa chini ya waimbaji kama mkeka. La tatu, ambalo sikuwa nimelifikiria mpaka binti yule alipolitaja, ni mikono. Katika Stratocaster urefu wa uzi unaolia ni inchi 25 na nusu. Katika magitaa mengi ya mtindo wa Gibson ni takribani inchi 24 na robo tatu. Tofauti haifiki sentimita 2, lakini uzi mfupi huhitaji mkazo mdogo ili utoe noti ile ile, na mapengo kati ya vidole hupungua. Kwa kiganja kidogo kinachoanza kujifunza, tofauti hiyo ni kubwa.

Tulikwenda dukani tukiwa wanne, tukabeba gitaa letu. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza kwa kwaya yoyote: usiende kumchagulia mtu mwenza bila yeye kuwapo. Tulijaribu mtindo wa Les Paul. Sauti yake ilitupendeza, lakini uzito wake ungemchosha binti kabla ya Komunyo. Tulijaribu lenye tumbo wazi nusu, tamu kwelikweli, ila likisogezwa karibu na spika hupiga yowe, nasi kanisani spika ziko miguuni petu. Mwuzaji alitupigia jingine kwa mbwembwe, na peke yake lilishinda yote. Tulipolipiga pamoja na letu, letu halikusikika tena.

Mwisho tulichukua Epiphone ya mtindo wa SG: jepesi, koili mbili kila sumaku, shingo fupi. Tuliichungulia shingo kuanzia kichwani, kama seremala anavyochungulia ubao, tukaona imenyooka. Tulizungusha vifundo kusikiliza kama vinakwaruza. Kasoro yake inajulikana, kwamba kichwa huelemea chini. Tulinunua mkanda mpana usioteleza begani. Lakini kilichotukatia shauri ni jambo moja. Vijana wale wawili walipopiga pamoja wimbo wa matoleo, niliweza kumsikia kila mmoja wao bila kumtafuta.

Tuliporudi, mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei aliniuliza kwa heshima: “Baba Paroko, gitaa moja halikutosha? Kigango bado kina bati zinazovuja.” Swali lake ni la haki, na sikulijibu kwa haraka. Fedha zile vijana walizichanga wenyewe, lakini hilo pekee si jibu. Jibu ninaloweza kulisimamia ni hili: chombo cha pili kinachoongeza sauti tu ni anasa, chombo cha pili kinachomfungulia mtu nafasi ni utume. Kama binti yule angeendelea kuketi akitazama, mzee angekuwa sahihi nami ningemwunga mkono. Na vijana wameahidi kwamba mchango wao ujao utakwenda kwenye bati.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza, na ukaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka husika, mradi vifae kwa matumizi matakatifu na kuwasaidia waamini kweli. Nayo maelekezo ya jumla yaliyo mwanzoni mwa Misale ya Kirumi, namba 313, yanasema kwamba katika Kwaresima vyombo vipigwe kwa ajili ya kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Maana yake, kwa majuma yale gitaa langu nilipendalo litakuwa na machache ya kusema, na lile la pili, la kubeba waimbaji, ndilo litakalokuwa na kazi. Kilichonunuliwa kusaidia ndicho kitakachosimama wakati kipenzi kinanyamaza.

Nalo itabidi lisimame kwa namna nyingine pia. Mapadre huhamishwa. Siku barua ya Baba Askofu itakapofika, nitaondoka na sanduku la nguo, vitabu na pengine gitaa langu. Hili la pili ni mali ya parokia, litabaki. Ndiyo maana sikutaka liwe pambo la langu. Nilitaka liweze kuongoza Misa peke yake, mikononi mwa binti ambaye wakati huo atakuwa anawafundisha wengine.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba jicho haliwezi kuuambia mkono kuwa hauhitajiki (1 Kor 12). Juma hili, ndugu yangu, jiulize ni nani anayeketi pembeni yako akijifunza kwa macho tu, na ni nafasi gani unayoweza kumpa ili naye asikike.

Nawatakieni nyote Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki.

Paroko wenu.