Njia ya Kinyonga Tunduni

Methali husema kwamba mwenda pole hajikwai. Porini kinyonga ni shahidi mwema wa maneno haya. Hunyanyua mguu, akautikisa hewani kama mtu apimaye kina cha mto, kisha akautua pale tu apatapo hakika. Lakini huyo huyo akitiwa tunduni huweza kuanguka na kuvunjika mbavu. Mwendo wake ni ule ule, ila njia yake sasa imetengenezwa na mtu.

Katika chuo cha ualimu nilichosomea, kinyonga dume mwenye pembe tatu, wa jamii iishiyo katika nyanda zetu za juu, alifugwa kwa kibali katika chumba cha sayansi. Kwa kumtazama nilijifunza kwanza kuistahi miguu yake. Kila mguu una vidole vitano vilivyogawanyika mafungu mawili, moja la vidole viwili na moja la vitatu, navyo hulibana tawi kama koleo. Mkia wake ni kama mguu wa tano. Ukikatika hauoti tena kama uotavyo mkia wa mjusi kafiri.

Asubuhi moja tawi lililoegemezwa bila kufungwa liligeuka chini ya uzito wake. Miguu yote minne iliachia, akaning'inia kwa mkia, akizunguka polepole hewani. Kinyonga hana sauti ya kuita msaada. Mwenzetu mmoja alitaka kumshika amvute. Mwalimu akamzuia, maana kumvuta huweza kumvunja vidole. Akaweka kiganja chake chini ya miguu ya mbele, akangoja. Tukangoja sote kimya, hata kinyonga akaushika mkono ule kwa hiari yake.

Tangu siku ile matawi yalifungwa kwa kamba pande zote mbili. Yalichaguliwa yenye magome ya kukwaruza, na unene wa kuweza kukumbatiwa na mguu wake. Kwani tawi nene mno huteleza, na jembamba mno hupinda. Yalipangwa yakigusana, mengine yamelala na mengine yameinama, ili asikute pengo. Chini yake iliwekwa mimea ya vyunguni, ili akianguka apokewe na majani. Wavu wa waya mkali uliondolewa, maana kucha hunasa humo zikang'oka. Taa ya joto iliwekwa nje ya tundu, mbali na paa lake, kwa kuwa kinyonga hupanda kuufuata mwanga na huweza kuungua mgongo. Hata maji yalinyunyizwa juu ya majani, kwa sababu yeye hunywa matone.

Enyi wanafunzi, sisemi haya ili kila mmoja akakamate kinyonga uani. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 yataka kibali kwa kumfuga mnyama wa porini, na ua wenyewe ni makao bora kuliko tundu lolote. Wala msimpige mawe kwa hofu, kwani hana sumu. Nasema ili mjue kwamba amfungaye kiumbe hujitwika kazi ambayo kiumbe huyo alijifanyia mwenyewe, yaani kuchagua tawi. Basi kabla ya kumlaumu aangukaye, na tuitazame njia tuliyompa.