Kutoka Salamabila hadi Ziwani

Nilitoka Salamabila nikiwa sijaona ziwa maishani. Maji niliyoyajua ni ya mto Luama, na chombo nilichokijua ni mtumbwi wa gogo moja, unaochongwa kwa shoka na jicho la fundi. Mgongoni nilibeba kompyuta kuukuu yenye programu mbili za bure, FreeCAD na FREE!ship. Nilitaka kujifunza kuchora boti za mbao, lakini sikujua nishike ipi.

Lulimba, Misisi, Fizi: siku mbili za pikipiki na matope. Kwenye mteremko wa mwisho Tanganyika ikajitandaza mbele yetu, nikamwomba dereva asimame. Kusikia kwamba ziwa lina urefu wa kilomita 673 ni jambo moja; kuliona likimezwa na upeo wa macho ni jingine kabisa.

Ufukweni Baraka nilimkuta mzee akiziba nyufa za boti kwa pamba.

“Jambo, baba.”

“Jambo, mwanangu. Hiyo mashine ni ya nini?”

Nikamwonyesha mchoro mzuri niliouchora kwa FreeCAD. Akautazama sana, kisha akauliza, “Ikipakiwa, maji yanafika wapi?”

Swali hilo ndilo lililonichagulia programu. FreeCAD ni hodari kwa vipande kama usukani na kitako cha injini. FREE!ship, aliyoiandika Mholanzi Martijn van Engeland, iliundwa kwa ajili ya umbo la chombo chenyewe: hukokotoa maji kinayoyasukuma, na hukunjua ubavu uliopinda ukawa bapa, ili fundi ajue ubao aukate vipi. Haihitaji intaneti, na kwetu hilo ni jambo kubwa.

Nilifikiria meli ya Liemba, inayojulikana sana ng'ambo ya ziwa, Kigoma. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa ndani ya masanduku, ikaunganishwa tena kando ya ziwa hili. Bila michoro, nani angejua chuma kipi kinakaa wapi?

Tukapima boti ya mzee: meta 9 kwa urefu, 1.8 kwa upana. Akanionyesha kwa kidole maji yanapofika ikibeba magunia 30 ya kilo 100. Usiku nikaingiza vipimo. Hadi alama yake, chombo kilisukuma takribani meta 3.6 za ujazo za maji, yaani tani 3.6. Tukitoa kilo 600 tulizokadiria kuwa uzito wa boti tupu, zinabaki tani 3. Jicho lake halikukosea.

Asubuhi akaniambia, “Ongeza magunia 10.”

Boti ikazama sentimita 9 zaidi kwenye kioo cha kompyuta. Mzee akaweka vidole juu ya ukingo uliobaki, akanyamaza. Kisha akaomba nimchoree mistari yote miwili kwenye karatasi, apate kuwaonyesha wenye mizigo.