Jina la Mshindani

Washairi ni watu wa ajabu katika ugomvi wao. Mkulima akigombana na jirani yake husogeza mpaka wa shamba. Mfanyabiashara akigombana na mwenzake huvizia wateja. Bali mshairi akigombana na mshairi humpa kitu ambacho aghalabu hata rafiki zake hawakumpa, nacho ni maisha marefu. Jina la mpinzani huingia katika beti za aliyempinga, na beti zikidumu, jina nalo hudumu. Nimekuwa mwalimu wa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 15, nami nimelifundisha jambo hili darasani mara nyingi. Kulifundisha ni rahisi. Kulijua kulinigharimu aibu, na habari ya aibu hiyo ndiyo niliyokusudia kuieleza hapa.

Nilizaliwa Arusha nikakulia Kaloleni. Mwaka 1996, nilipokuwa na umri wa miaka 16, vijana wa mji ule walikuwa wameshikwa na muziki ambao wazee waliuita muziki wa kufokafoka. Ulikuwa umezaliwa New York, katika mitaa ya Bronx, katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili katika tuni ya Kimarekani, na watu wa Dar es Salaam wakaduwaa. Mwaka 1993 likaundwa huko kundi la Kwanza Unit. Mwaka huo wa 1996 mji wetu nao ulipata kundi lake, X Plastaz, ambalo baadaye lilichanganya ughani wa hip hop na nyimbo za Kimaasai. Tulikuwa wana wa mji uliojulikana kwa mlima, watalii na madini, wala hapana aliyetazamia kusikia shairi kutoka kwetu. Ghafla tukaona kwamba tuna ulimi.

Kila Jumamosi tulikusanyika katika ukumbi mmoja wa mtaa. Palikuwa na redio kaseti kubwa, kipaza sauti kimoja kilichofungwa kwa utepe, na watazamaji wapatao mia. Sheria zetu zilikuwa chache, na hapana aliyeziandika. Kila mtu alisimama kwa jina la mtaa wake. Aliruhusiwa kumdhihaki mwenziwe kwa mavazi, kwa mwendo, hata kwa njaa ya nyumbani kwao. Hakuruhusiwa kumgusa kwa mkono wala kumtaja mamaye. Na juu ya yote, hakuruhusiwa kutamka mstari wa mtu mwingine kana kwamba ni wake. Mwizi wa mistari hakupigwa wala hakuzomewa. Alipewa kisogo: ukumbi mzima uligeukia ukutani, ukangoja kimya mpaka ashuke.

Mpinzani wangu alitoka Unga Limited, mtaa uliopata jina lake kwa kiwanda cha kusaga unga. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko kifua chake, na hakuwa amemaliza shule. Siku ya kwanza tuliyopambana nilimwaga kejeli zangu zote juu ya vumbi la mtaa wake. Yeye alinisikiliza hadi mwisho, kisha akajibu kwa mistari minne tu. Katika mistari hiyo alilipindua neno moja mara nne: unga wa sembe, Unga mtaa wake, kuunga mfupa uliovunjika, na kuunga mkono. Alipofika mstari wa nne, dhihaka yangu ilikuwa imegeuka sifa yake, na watu wa mtaa wangu mwenyewe walikuwa wakimshangilia. Nilishuka nikiwa na uso wa moto.

Nyuma ya ukumbi alinifuata na chupa moja ya soda. Alikunywa nusu, akanipa nusu. Akasema, "Aisee, Jumamosi usikose. Usipokuja wewe, mimi nitashindana na nani?"

Sikuyaelewa maneno hayo siku ile. Niliyachukua kuwa ni huruma, na huruma ya mshindi ni chungu. Lakini nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine nyingi baada ya hiyo. Nilishinda mara tatu, nikashindwa mara nyingi zaidi. Kati ya Jumamosi na Jumamosi nilisoma kila kitabu cha mashairi nilichokipata, si kwa kupenda elimu, bali kwa kutafuta silaha. Nikisema leo kwamba mwalimu wangu wa kwanza wa ushairi alikuwa adui yangu, sisemi kwa mzaha.

Kisha nilikwenda Dar es Salaam, chuo kikuu. Huko wenzangu walicheka matamshi yangu ya Kaskazini, nami badala ya kuyatetea niliyachonga mpaka yakalainika. Nilipoulizwa kwetu, nilijibu kwa mkato na kugeuza mazungumzo. Nilisoma *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Sheikh Kaluta Amri Abeid, iliyochapwa mwaka 1954, nikaona haya peke yangu: uwanja mkubwa wa michezo wa Arusha, ambao nilipita kando yake tangu utotoni, umepewa jina la mwandishi huyo, nami sikuwahi kuuliza alikuwa nani. Walakini haya ile haikunirudisha nyumbani. Ilinizamisha katika vitabu zaidi.

Nilichagua kumsoma Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwaka 1776 hadi 1840. Yeye naye, msomaji, alikuwa mshairi wa mji wake. Katika siku za uhasama baina ya Mombasa na Lamu, uhasama ulioleta vita vya Shela yapata mwaka 1812, alitunga kwa ajili ya Mombasa, na Lamu haikunyamaza. Huko alikuwako Zahidi Mngumi, naye alitunga kwa ajili ya Lamu. Miji ilipigana kwa mikuki na bunduki, na washairi wake wakapigana kwa vina. Majeruhi wa mikuki wamesahauliwa. Washairi wote wawili twawajua kwa majina hata leo, na hatuwezi kumsoma mmoja vema bila kumtaja mwenziwe.

Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu ufundi wa Muyaka wa kulichezea neno moja kwa maana nyingi. Katika sura ya mwisho nilitaka kuonyesha kwamba ufundi huo haujafa, nami nikahitaji mfano. Sikuwa na haja ya kutafuta mbali. Mistari minne ya Unga Limited ilikuwa kichwani mwangu, haijapotea hata silabi. Niliiandika, nikaichambua kwa kurasa sita, nikaitaja kuwa ni ya "kijana mmoja wa mitaani." Watahini waliisifu sura ile kuliko zote. Mwaka 2013 nilivaa joho.

Kwa nini sikuandika jina lake? Nimejiuliza swali hili kwa unyofu. Kusahau hakukuwapo, kwa maana jina lake la jukwaani nililijua kama langu. Ukweli ni kwamba niliona jina lile, lililokuwa limechorwa kwa makaa katika kuta za Arusha, halitapendeza katika ukurasa mmoja na Muyaka. Na chini ya sababu hiyo palikuwa na nyingine iliyo mbaya zaidi: kumtaja kungekuwa kukiri kwamba alinishinda.

Mwaka 2018 nilikwenda Arusha kumwuguza mama yangu. Asubuhi moja nilipeleka redio yake kwa fundi karibu na soko la Kilombero, na fundi aliyeinua uso kutoka mezani alikuwa yeye. Tulishikana mikono kwa furaha. Alinipa kigoda, akauliza hali ya mgonjwa, akafungua redio. Kisha, huku macho yake yakiwa kwenye nyaya, alisema kwamba kijana mmoja wa mtaa wao, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo ninachofundisha, alimsomea tasnifu yangu.

"Kaka," akasema, "jukwaani ulinitukana mbele ya watu mia, tena kwa jina langu, nikakupa mkono na nusu ya soda. Kitabuni umenisifu kurasa sita, bila jina. Sasa hapo mkono nakupa vipi?"

Sikuwa na jibu. Alimaliza kazi yake, akakataa malipo kwa sababu redio ilikuwa ya mama, akanigeuzia kisogo na kuendelea na redio nyingine. Yamkini hakukusudia lolote kwa kugeuka kule. Meza yake ilikuwa upande huo. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa ukumbi ule, nikajua maana ya kisogo.

Tangu siku hiyo nimeutazama upya ugomvi wa waghani, ule ambao vijana huuita bifu. Sikatai kwamba una hatari. Tupac Shakur aliuawa kwa risasi Septemba 1996, na Notorious B.I.G. akauawa vivyo hivyo Machi 1997. Wazee wetu walizishika habari hizo kuwa hoja, na haikuwa hoja dhaifu. Palipo na bunduki na fedha nyingi za watu wengine, shindano la maneno huweza kutekwa likawa jambo jingine kabisa. Ila hiyo si habari yote. Katikati ya miaka ya 1980, KRS-One wa Bronx Kusini alishindana vikali kwa nyimbo na MC Shan na Marley Marl wa Queensbridge juu ya heshima ya mitaa yao na mahali ilipoanzia sanaa yenyewe. Maneno yalikuwa makali, na majina yalitajwa waziwazi. Mwaka 2007, KRS-One na Marley Marl walitoa albamu moja kwa pamoja. Watu waliotajana kwa majina waliweza kupatana, kwa sababu kila mmoja alijua hasa ni nani anayepatana naye.

Tazama pia Temeke. Mwaka 2006 kundi la TMK Wanaume lilipasuka. Juma Nature akawa na Wanaume Halisi, wengine wakabaki na Wanaume Family. Waligawana watu, waligawana mashabiki, lakini pande zote mbili ziliendelea kujiita TMK. Hapana aliyekuwa tayari kumwachia mwenziwe jina la Temeke. Na kwetu Arusha, Weusi ni kundi lililowakusanya watu waliotoka River Camp na Nako 2 Nako. Kila kambi ilikuwa na jina lake na sifa zake za kutunza. Mji ndio ulioweza kuziweka chini ya dari moja.

Kwa hiyo naona kwamba uaminifu kwa mji na ushindani baina ya wenzi si mambo mawili yanayovutana. Mji ndio unaotupa mshindani. Mtu wa mbali akinishinda, napata kisingizio. Akinishinda jirani yangu, aliyekunywa maji ya mto ule ule na kufundishwa matamshi yale yale, sina pa kujificha. Tena mtu hashindani na asiyemheshimu, humpuuza. Anayesimama mbele yangu na kunitaja jina amekwisha kukiri kwamba mimi ni mtu wa kushindwa kwa jasho. Matusi ya jukwaani yalikuwa na heshima hiyo ndani yake, na sifa yangu ya kitabuni haikuwa nayo.

Nilirudi kwa fundi kesho yake, nikiwa na nakala ya tasnifu na kalamu. Nilimwomba radhi bila kupamba. Aliichukua kalamu, akasoma ukurasa ule kwa muda mrefu, akasahihisha neno moja katika mstari wa tatu ambalo nimelikosea kwa miaka 20, kisha pembeni akaandika jina la mtaa wake, na chini yake jina lake. Mtaa ulitangulia. Mwaka 2020 nilichapisha makala iliyorekebisha kosa langu. Mistari minne imo, sahihi, pamoja na jina na mtaa, katika mpangilio alioutaka mwenyewe. Nilimpelekea nakala. Alisema kwamba uchambuzi wangu ni mzuri, ila mashairi yangu mwenyewe yaliyokuwa katika jarida lilo hilo yamelegea, na kwamba nisipojirekebisha ataniaibisha. Muda mrefu sikuwa nimesikia maneno ya kunifurahisha kiasi hicho.

Msomaji atauliza kwa nini, baada ya haya yote, sikulitaja jina lake hapa. Nilikusudia kulitaja, na nilimsomea insha hii kwa simu kabla ya kuituma. Alinikataza.

"Jina langu liandike penye mistari yangu," alisema. "Penye toba yako, andika lako."